Ukienda Ujerumani, Shika Mto Mmoja

Ukimsikiliza mtu anayepanga safari yake ya kwanza ya Ujerumani, orodha huwa ile ile: Berlin, Munich, Hamburg, na pengine Köln njiani. Miji hiyo ina mambo yake na sina ugomvi nayo. Tatizo ni umbali. Hamburg hadi Munich ni karibu saa sita kwa treni ya kasi, na mwenye siku kumi atajikuta nusu ya siku hizo zimeishia stesheni, akiburuta sanduku. Kwa mwenye likizo fupi na mfuko wa kawaida, ushauri wangu ni kuachana na miji mikubwa. Ashike kipande kimoja cha mto Rhine pamoja na mito inayomwaga maji yake humo, atafute pa kulala sehemu moja au mbili tu, kisha aitembelee kwa kituo miji ya kale na miji ya chemchemi za maji moto iliyo jirani.

Kipande ninachokisema kinaanzia Baden-Baden na Heidelberg upande wa kusini na kuishia Koblenz upande wa kaskazini. Warumi walifika huku, wakayatumia maji ya moto, na Rhine wakaufanya mpaka wa dola yao. Baada yao wakatawala maaskofu na makabaila waliojenga ngome kando ya mto ili kutoza ushuru kila jahazi lililopita. Karne ya 19 ikaleta wafalme, waandishi na matajiri wa Ulaya nzima waliokuja kuoga, kunywa maji ya chemchemi na kucheza kamari. Vizazi vyote hivyo viliacha majengo, na mengi bado yanatumika.

Ukitua Frankfurt, usiingie Frankfurt. Chini ya uwanja wa ndege kuna stesheni ya treni za mikoa, na treni ya S8 hukufikisha Mainz kwa takriban nusu saa. Mainz ndipo ninapomshauri mgeni alale siku za mwanzo. Ni mji wa wanafunzi, hoteli zake kwa kawaida si ghali kama za Frankfurt, na treni hutoka hapo kwenda kila upande wa safari hii. Huu ndio mji wa Gutenberg, aliyeanzisha uchapaji wa vitabu kwa herufi za chuma barani Ulaya. Kanisa kuu lake lilianza kujengwa mwaka 975, na Jumanne, Ijumaa na Jumamosi soko la wakulima hufunguliwa kiwanjani pembeni yake. Nenda asubuhi, nunua matunda na mkate, kisha panda kilima hadi kanisa la Mtakatifu Stefano. Liliharibiwa kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye Marc Chagall, mchoraji Myahudi ambaye tayari alikuwa mzee sana, akalichorea madirisha tisa ya vioo. Ukikaa kwenye benchi jua likiwa limetoka, sakafu, kuta na hata mikono yako vinageuka rangi ya buluu. Ningependa kila anayepita Mainz akae humo walau robo saa bila kutoa simu mfukoni.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine ambalo vitabu vya utalii havilisemi. Chuo Kikuu cha Mainz kina Maktaba ya Jahn, iliyoanza mwaka 1975 na mkusanyiko wa vitabu vya fasihi ya Afrika alivyoviacha Janheinz Jahn, na hadi leo inaendelea kukusanya vitabu vya Kiafrika, vilivyoandikwa kwa lugha zetu vikiwemo. Mwalimu wa fasihi au mwanafunzi atakayewaandikia mapema kuomba kuitembelea hatajuta.

Sasa nauli, maana hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza pesa. Treni za Ujerumani ni za aina mbili: zile za kasi za masafa marefu, ICE na IC, na zile za mikoa, RE, RB na S-Bahn. Kwa safari hii unahitaji za mikoa tu. Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda hadi euro 58 mwaka 2025. Angalia bei ya sasa kabla ya kupiga hesabu. Ukiwa nayo unapanda treni zote za mikoa, mabasi na tramu za nchi nzima. Lakini huuzwa kama mkataba wa kila mwezi, na usipousitisha kabla ya tarehe 10 unakatwa pesa za mwezi unaofuata ukiwa umesharudi nyumbani. Isitoshe, kwa kawaida huhesabiwa kwa mwezi wa kalenda, kwa hiyo anayefika tarehe 25 na kuondoka tarehe 4 anajikuta amelipia miezi miwili.

Mkiwa familia au kundi la marafiki, tiketi ya siku ya jimbo huwa nafuu zaidi: mnaweza kusafiri hadi watu watano kwa tiketi moja, kuanzia saa tatu asubuhi siku za kazi. Cha kuangalia ni mipaka. Mainz ipo jimbo la Rheinland-Pfalz, Wiesbaden iliyo ng'ambo ya mto ipo Hessen, na Heidelberg na Baden-Baden zipo Baden-Württemberg. Tiketi ya jimbo moja si lazima ikufikishe jimbo la pili, na mkaguzi akikukuta bila tiketi halali faini ni euro 60. Kusema wewe ni mgeni hakusaidii. Siku, saa na jimbo visome kwenye tiketi yenyewe kabla hujapanda.

Kaskazini ya Mainz, kuanzia Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz, mto unaingia bondeni kati ya milima. Bonde hili lenye urefu wa kilomita 65 liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2002. Ngome zimepangana juu ya miamba, mashamba ya mizabibu yameshika miteremko mikali, na chini kuna vijiji vyenye nyumba za mbao na udongo. Reli imepita kingo zote mbili, lakini kati ya Mainz na Koblenz hakuna hata daraja moja la kuvuka. Watu na magari huvushwa kwa pantoni. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hotelini jua unachotaka kukiona kiko ukingo upi.

Wengi hukata tiketi ya meli ya siku nzima, na kufikia mchana wamechoka na ngome zimeanza kufanana. Mimi hushauri kipande kifupi. Panda treni ya ukingo wa kushoto hadi Bacharach, zunguka kijiji na tembea juu ya ukuta wake wa kale, kisha panda meli kwenda St. Goar ukifuata mkondo. Haifiki saa moja, na ndani ya muda huo unaona karibu kila kilicho bora. Unapita Kaub, ambako ngome nyeupe ya Pfalzgrafenstein imesimama katikati ya maji. Hapo ndipo Blücher alipoanza kuyavusha majeshi yake usiku wa mwaka mpya wa 1814 kumfuata Napoleon. Kisha mto unapinda na kujibana, na mbele yako unainuka mwamba wa Loreley, mita 132, mahali mabaharia walipopaogopa kwa mawe na mikondo yake. Ukishuka St. Goar, rudi kwa treni. Usiende meli na kurudi meli: kupanda mto dhidi ya mkondo kunachukua muda mrefu zaidi, nawe umeshayaona yote.

Anayependa jambo la pekee kwa bei ya kawaida alale Bacharach juu ya mlima, katika ngome ya Stahleck, ambayo sasa ni hosteli ya vijana inayopokea watu wa rika zote wenye uanachama wa hosteli hizo. Njia ya kupanda ni kali, hivyo mwenye magoti mabovu asijaribu akiwa na sanduku. Anayelala vijijini chini ajue pia kwamba treni za mizigo hupita kingo zote mbili usiku kucha. Omba chumba ambacho dirisha lake halielekei reli, na beba vizibo vya masikio.

Koblenz ni mahali Mosel unapokutana na Rhine. Kwenye ncha ya makutano kuna sanamu kubwa ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza akiwa juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 1897, ikabomolewa na mizinga mwaka 1945, ikarudishwa 1993. Ng'ambo ya pili kuna ngome ya Ehrenbreitstein, na magari ya kamba yaliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya bustani ya mwaka 2011 hukuvusha juu ya mto hadi kwenye ngome. Nusu siku inatosha. Nusu iliyobaki panda treni kwenye bonde la Lahn hadi Bad Ems, safari ya takriban dakika ishirini.

Bad Ems ni mji mdogo mno kwa historia iliyoubeba. Tarehe 13 Julai 1870 balozi wa Ufaransa alimfuata Wilhelm, yule yule wa sanamu ya Koblenz ila wakati huo bado mfalme wa Prussia, kwenye njia ya matembezi kando ya mto, akamdai ahadi ambayo mfalme hakuwa tayari kuitoa. Waziri mkuu wake, Bismarck, akaipata taarifa ya mazungumzo hayo kwa simu ya maandishi, akaifupisha mpaka ikasomeka kama tusi, akaitoa kwa magazeti. Tarehe 19 vita vikatangazwa, na vita hivyo ndivyo vilivyozaa dola ya Ujerumani. Leo kuna jiwe dogo tu chini kwenye njia hiyo, na wastaafu wanapita juu yake wakienda kunywa maji ya chemchemi. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Bad Ems katika orodha ya miji mikuu ya chemchemi za tiba ya Ulaya, kumi na mmoja kutoka nchi saba. Kwa Ujerumani wenzake ni Baden-Baden na Bad Kissingen.

Heidelberg sitaielezea kwa kirefu, kwa sababu kila mtu atafika huko hata asiposhauriwa. Niseme ya msaada tu. Stesheni kuu iko mbali na mji wa kale, kwa hiyo chukua tramu au basi, au shukia stesheni ya Heidelberg-Altstadt. Panda kwenye kasri asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika. Tiketi ya kasri inajumuisha treni ya mlimani ya kipande cha chini. Majeshi ya Ufaransa yalilibomoa kasri hilo mwaka 1689 na tena 1693, radi ikalimalizia 1764, na uzuri wake uko katika magofu hayo mekundu. Mchana vuka Daraja la Kale lililokamilika 1788, baada ya mafuriko na barafu za 1784 kulisomba lililokuwepo, upande hadi njia ya Philosophenweg, ambako unaona kasri, mto na mji kwa pamoja. Chuo kikuu, kilichoanzishwa 1386, ndicho kikongwe kuliko vyote nchini, na kina jela ya zamani ya wanafunzi watukutu ambayo kuta zake zimejaa michoro yao. Ingia, vijana wataipenda kuliko kasri.

Baden-Baden inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndipo tofauti ya desturi inapomkuta mtu bila kujiandaa. Mji wenyewe ni wa utulivu na bustani. Stesheni ipo Oos, kilomita kadhaa kutoka katikati, na basi hukupeleka. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto hadi nyuzi 68 hivi, na magofu ya hamamu za Warumi bado yapo chini ya majengo. Katika karne ya 19 kilichowavuta wengi hapa kilikuwa kamari. Mwandishi Mrusi Dostoevsky alipoteza pesa nyingi mezani Wiesbaden mwaka 1865 na hapa mwaka 1867. Serikali ilipofunga kasino zote mwishoni mwa 1872, mji ulilazimika kurudi kwenye maji yake, na mwaka 1877 ukafungua hamamu ya Friedrichsbad. Kasino nayo ilikuja kurudi baadaye. Anayetaka kuuona ukumbi wake aende kwenye ziara za asubuhi. Jioni wanadai pasipoti, mavazi rasmi na umri usiopungua miaka 21.

Friedrichsbad huogwa bila nguo yoyote. Sisemi bila nguo nyingi. Nasema uchi kabisa, na katika siku za mchanganyiko wanaume na wanawake hukutana kwenye mabwawa ya katikati. Wenyeji hawaoni aibu wala hawatazamani, na anayekodoa macho ndiye anayeonekana hana adabu. Utaratibu una hatua kumi na saba: unaanza na bafu, unakaa kwenye chumba cha hewa ya moto, kisha cha moto zaidi, unalazwa juu ya meza na kusuguliwa kwa brashi na sabuni ukiomba huduma hiyo, unapita kwenye mvuke, unashuka kwenye bwawa la joto, la uvuguvugu, hadi dimbwi la baridi linalokukata pumzi. Mwisho mhudumu anakufunga shuka na blanketi kama mtoto mchanga, unalala nusu saa kwenye chumba cha giza. Yote huchukua kama saa tatu. Ni tiba ya mwili niliyoipenda kuliko zote za safari hii, lakini si kwa kila mtu, na ukiwa umesafiri na wazazi, wakwe au watoto, jambo hili lizungumzwe nyumbani, lisiwakute mlangoni. Walio chini ya miaka 14 hawaruhusiwi kabisa. Anayehitaji siku ya wanawake peke yao aulize ratiba kabla ya kulipa.

Kwa anayetunza staha yake ipo Caracalla, hatua chache kutoka hapo, iliyofunguliwa 1985. Kwenye mabwawa yake, ya ndani na ya nje, mavazi ya kuogelea ni lazima. Uangalifu ni kwa ghorofa ya juu, kwenye sauna, ambako sheria inageuka na mavazi hayo hayatakiwi. Wajerumani huona si usafi kuyavaa kwenye joto. Sheria hiyo utaikuta karibu kila sauna nchini, na taulo hutandikwa chini ili jasho lisiguse mbao. Dada zetu wanaovaa burkini wawaandikie wenye hamamu mapema na kubaki na jibu kwenye simu. Koblenz iliwahi kuipiga marufuku katika mabwawa ya jiji, na mwaka 2019 mahakama ya juu ya utawala ya jimbo ikaisimamisha marufuku hiyo, lakini kila hamamu ina kanuni zake.

Afya nayo si ya kupuuza. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito amwone daktari kabla, na hata mzima asikae kwenye maji ya moto dakika nyingi mfululizo. Kula kidogo, kunywa maji ya kutosha, na usipange safari ya treni mara baada ya kuoga. Mwili unataka kulala.

Wiesbaden ni rahisi kuiunganisha na Mainz kwa siku moja. Kwenye chemchemi ya Kochbrunnen maji hutoka yakiwa nyuzi 66, yenye chumvi na chuma, na mawe yanayoyazunguka yameota gamba la rangi ya kutu. Onja funda moja, usijaze chupa. Kisha nenda kilima cha Neroberg upande treni ya mlimani ya mwaka 1888 ambayo haina injini wala umeme wa kuivuta. Mabehewa mawili yameunganishwa kwa kamba ya chuma inayopita kwenye gurudumu kileleni. Lililo juu linajazwa maji tangini, hadi lita 7,000 kutegemea abiria walio chini. Likizidi uzito linateremka na kulivuta lenzake juu. Likifika chini maji yanamwagwa na kusukumwa tena kileleni. Simama karibu na dereva na utasikia maji yakiingia. Watoto hawatataka kuondoka, na hufanya kazi miezi ya joto tu.

Mambo madogo yanayosumbua: Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi, ingawa maduka ya stesheni kubwa hubaki wazi. Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi. Iache siku hiyo iwe ya mto au ya hamamu. Beba euro taslimu, kwani maduka madogo ya mikate na vyoo vya umma vingi havipokei kadi. Chupa ya plastiki ya maji ina rehani ya senti 25 utakayorudishiwa kwenye mashine ya supamaketi. Ukiagiza maji mgahawani utauzwa, tena ya gesi usipotaja. Vyakula vingi vya asili vina nyama ya nguruwe hata pale usipotarajia, kama kwenye supu ya dengu au viazi vya kukaanga; uliza bila haya. Wauza kebabu Waturuki wapo kila mji, na wengi wana nyama halali. Na ukiingia duka, chumba cha kusubiri au hamamu, salimia kwa sauti. Wajerumani wa miji midogo hulipenda hilo kama sisi.

Meli za Rhine hutembea zaidi Aprili hadi Oktoba. Julai na Agosti watu ni wengi, bei hupanda, na miaka ya ukame, kama 2018 na 2022, maji ya Kaub hupungua mpaka usafiri wa majini unavurugika, kwa hiyo usilipie meli miezi kabla. Desemba kuna masoko ya Krismasi ya kupendeza, ila mto unakuwa umelala. Mwezi wangu ni Septemba: joto la kadiri, zabibu zinavunwa, na vijiji vina sherehe. Mwisho ni viza: mwenye kibali cha kuishi Ufaransa, Ubelgiji au Uholanzi haihitaji. Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaihitaji, na pia wengi wenye pasipoti zetu wanaoishi Uingereza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, lakini miadi hujaa haraka. Anayetaka Septemba aanze kuitafuta Aprili, na kwa wakati huo achukue hoteli zinazokubali kufutwa bure tu, mpaka pasipoti irudi ikiwa na stika.